Kundi la mji au kundi la ndege: kuchagua wa kupiga nao picha Malindi

Mtu wa Malindi anayepiga picha kwa mapenzi yake tu, asiyeishi kwa kazi hiyo, ana makundi ya aina mbili ya kujiunga nayo. La kwanza hutembea kwa miguu mjini na ufuoni alfajiri ya Jumamosi, wengi wakiwa na simu au kamera ndogo. La pili hukodi matatu mara moja kwa mwezi kwenda msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida au mdomo wa mto Sabaki, na humo garini mazungumzo ni ya ndege kwenda na kurudi. Nimo katika la kwanza mwaka wa nne sasa, katika la pili mwaka wa tatu, na mchango natoa kote kuwili.

Kila anayeniona na kamera begani huniuliza lipi zuri zaidi. Nami humuuliza maswali mawili. Unaweza kumwamkia mtu usiyemjua na kumwomba picha? Na unaweza kukaa kimya saa nzima, kisha ukaondoka mikono mitupu bila kukasirika? Kundi la mji linakudai la kwanza, kundi la ndege linakudai la pili. Kamera uliyo nayo tutaizungumza mbele, maana haina uzito ambao watu wanaupa.

Jua, maji na saa zako

Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta. Jua letu huchomoza saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima, na likishatoka baharini hupanda wima. Ule mwanga laini wa mwanzo, unaoonyesha kila kijishimo katika ukuta wa mawe ya matumbawe, haumalizi saa nzima. Saa mbili vivuli vimeshakuwa vikali. Saa nne ukimpiga mtu picha, macho yake yanakuwa mashimo meusi.

Kundi la mji linaupata mwanga huo wote. Tunakutana karibu na gati baada ya sala ya alfajiri, na jua linapotoa ukingo wake tumeshakanyaga mchanga. Wa ndege huamka mapema kuliko sisi, lakini gari lina mambo yake: huyu achukuliwe Ngala, yule Muyeye, kisha kilomita 15 hivi hadi Gede, kisha kiingilio kilipwe kwa eCitizen na siku hiyo mtandao unasumbua. Msituni hasara si kubwa, kwa sababu chini ya miti jua kali huchelewa kufika. Mida na Sabaki, ambako kivuli hakuna, hasara utaiona kwenye picha.

Maji yanapanga siku hata zaidi ya jua, na hili nimefundishwa na kundi la ndege, ingawa nimezaliwa hapa na ningepaswa kulijua tangu utotoni. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu inakaribia mita 4, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ukifika Mida saa hiyo, ndege wametawanyika mbali matopeni, ni nukta tu. Unachotaka ni maji yanayojaa, yakiwasogeza taratibu kuelekea mikoko na lile daraja la mbao. Kiongozi mzuri wa kundi la ndege hupanga tarehe kwa kutazama mwezi. Ukisikia kundi linakwenda Mida kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi bila kuuliza maji, tafuta jingine. Kwetu sisi wa mjini maji hayaharibu kitu: yakijaa kuna mawimbi, yakipwa kuna wavuvi wa pweza wanaotembea mwambani na vijiti vyao.

Halafu kuna saa zako wewe. Matembezi ya mjini yanakwisha saa mbili, nami hufika nyumbani watoto ndio kwanza wanaomba chai. Safari ya msituni inakula siku, na ya kwenda korongo la Marafa inakula siku na nguvu za siku ya pili. Kwa mwenye duka la kufungua au mtoto wa kunyonyesha, hili peke yake laweza kumaliza mjadala.

Mjini: kazi ya mdomo kwanza

Kundi letu la mjini lina kanuni moja. Aliyeianzisha alishahama Malindi, lakini hatujaiacha: kamera inakaa begani na simu mfukoni mpaka salamu ziishe. Mgeni wetu, wiki zake za mwanzo, hurudi na picha tano au sita na moyo mzito. Wengine huacha hapo. Wanaobaki hujifunza jambo ambalo hakuna video itakayokufundisha, nalo ni namna ya kusimama mbele ya mtu ukiwa na kamera bila kumgeuza kitu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwendea mzee aliyekuwa ameketi mchangani akishona wavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Naomba nikupige picha ukishona wavu."

Alitazama kamera, akawatazama wenzangu waliosimama nyuma yangu. "Mikono piga. Uso uniachie."

Nilipiga mikono. Vidole vilivyopasuka kwa chumvi, uzi wa buluu, sindano ya wavu imeshikwa kama kalamu. Mpaka leo sijapiga picha iliyoishinda ile, na nisingeipata kama asingenikatalia uso. Niliichapisha studio, nikampelekea Jumamosi iliyofuata. Sasa nikipita bila kumwona, yeye huniita.

Hilo la kurudisha picha iliyochapishwa litazame sana unapochagua. Kundi linalopita mtaani kila wiki likichukua nyuso za watu bila kurudisha hata karatasi moja litachokwa, na wewe utachokwa pamoja nalo. Waulize waliomo: picha ngapi mmewapelekea wenyewe mwaka huu? Wakibabaika, umeshapata jibu.

Kuna mambo ya mji wetu ambayo kundi la kweli halihitaji kuambiwa. Mwanamke aliye kizingitini mwake hapigwi picha kwa mbali kwa lenzi ndefu. Mtoto hapigwi bila mzazi. Waumini wakitoka msikitini wanaachwa watoke. Mimi kuwa mwanamke kumenifungulia milango mingi mitaa ya Shella, nimekaribishwa mpaka jikoni mahamri yakiumuka, na picha za huko ndani hazijawahi kutoka katika kamera yangu kwenda popote ila kwa mwenye nyumba. Kundi lenye wanaume watupu halifiki huko. Na dada anayetaka kujiunga na kundi ambalo atakuwa mwanamke peke yake, nitamwambia aende na shoga yake mara tatu za kwanza.

Kuhusu mahali penyewe, usidhani mji utakwisha. Kila mgeni anaanza na mnara wa Vasco da Gama, ile nguzo yenye msalaba kule rasini, kumbukumbu ya Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498. Ni mahali pazuri pa kungojea jua, na picha yake imeshapigwa mara nyingi mno. Zoezi tunalompa mwanachama mpya ni kuupa mnara mgongo: kwa nusu saa piga chochote ambacho si mnara. Mwamba, kaa, kijana anayevua kwa mshipi, mji wenyewe ukionekana ng'ambo ya ghuba. Nimeona watu wakipata picha yao ya kwanza ya maana katika nusu saa hiyo. Makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Juma nayo yanadai heshima ya pekee. Hayo tunayapiga kwa mbali, bila kupanda wala kuegemea.

Porini: kazi ya kungoja

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Ndani yake kuna bundi wa Sokoke, mdogo, sentimita 16 hivi, anayelala mchana ndani ya vichaka vizito. Kuna kwera wa Clarke, ambaye dunia nzima anapatikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu. Na kuna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama wa pua ndefu anayefukua majani makavu kutafuta wadudu. Kwa mtu wa Malindi haya ni majirani. Wageni wanavuka bahari kuja kuwaona na wengi wetu hatujawahi kuingia getini.

Sange nilimngoja safari tatu. Ya kwanza nilisikia majani yakichakarika tu. Ya pili nilipata kivuli. Ya tatu tuliketi, mwelekezi wa msitu na mimi na mwenzangu mmoja, hakuna aliyejikuna, mpaka akatokea njiani, akasimama kwa muda wa pumzi mbili, akaondoka. Nina picha moja, na si kali sana. Niliipenda kuliko nyingi za ufuoni, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua mwili wangu unaweza kutulia hivyo. Kama wewe ni mtu wa kutikisa mguu, fikiri vizuri kabla ya kulipa nauli.

Mafunzo ya kundi hili ni ya mkono na jicho zaidi ya ya mdomo. Utafundishwa kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, iwe sekunde 1/1000 au upesi zaidi kwa ndege anayeruka, kupima mwanga wa kichaka cheusi chenye doa moja la jua, kuvaa nguo za rangi ya udongo, kutojipulizia marashi siku hiyo. Utajua pia miezi. Ndege wa ufuoni wanaohamia kutoka Ulaya na Asia huanza kuwasili Agosti na Septemba na wengi huondoka kufikia Aprili, kwa hiyo mwanachama anayejiunga Mei ataiona Mida ikiwa tulivu na kudhani amedanganywa. Ajiunge Oktoba. Atamwona yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye chakula chake ni kaa, wakiwa kundi zima wamesimama upande mmoja kama maamuma.

Kama kundi la mji linavyopimwa kwa picha lililorudisha, la ndege lipime kwa linavyokataa. Likatae kucheza sauti ya bundi kwenye simu ili atoke. Likatae fleshi usoni mwa ndege anayelala. Likatae kutangaza mahali kiota kilipo. Nimewahi kuwa katika safari ambapo mtu mmoja alivunja matawi ili apate nafasi ya lenzi, na hakuna mkubwa aliyemkemea. Sikurudi kwa watu wale. Mchana ule bundi alihama, na mwelekezi alitembea mbele yetu bila kusema neno mpaka getini.

Sabaki ina hatari yake. Viboko wapo karibu na mdomo wa mto na matope yanazama, kwa hiyo kundi lisilochukua mtu wa kijiji hicho kuwaongoza msifuatane nalo. Na mto huo huo unawahusu wa mjini pia: ukivimba kwa mvua za bara, hushusha udongo mwekundu, na majira ya kaskazi mkondo wa bahari huusukuma kuja kwetu. Bahari ya mbele ya mji inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Anayetaka maji ya samawati asiwalaumu wenzake, aende siku nyingine au ashuke Watamu.

Pesa

Hapa tofauti ni kubwa na sitaificha. Kundi la mji unaingia na simu uliyo nayo, na gharama yake ni mchango mdogo wa kuchapisha picha na sahani ya mahamri na mbaazi baadaye. Kundi la ndege lina nauli, kiingilio, malipo ya mwelekezi (ambayo yasipunguzwe hata shilingi), na polepole lina tamaa ya lenzi. Ndege anataka lenzi ya milimita 400 na kuendelea. Nimeona vijana wakikopa ili wanunue lenzi, na nimewaona wakiiuza kabla mwaka haujaisha.

Njia ya kati ipo. Kundi lenye teleskopu moja hukuruhusu kuweka simu kwenye kioo chake cha kutazamia na kupiga kupitia hapo. Mkono utatetemeka siku ya kwanza, ya pili utapata heroe wa Sabaki akiwa na shingo na mdomo vinavyoonekana. Fanya hivyo mwaka mmoja kabla hujanunua chochote. Ukiwa raia, beba kitambulisho, kiingilio chako katika hifadhi ni tofauti na cha mgeni.

Vifaa navyo vinaharibika kwa namna mbili. Ufuoni adui ni chumvi na mchanga. Futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi jioni ile ile, usingoje Jumapili. Msituni adui ni unyevu, na lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba ikiwa na jasho huota kuvu. Weka humo vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Droni waachie wenye kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini usiingie nayo kabisa.

Mnapokaa chini baadaye

Hili ndilo lingeniamulia mimi kama ningeanza upya. Picha hukua baada ya safari, siku mwenzako anapoitazama na kukuambia ukweli. Kundi letu la mjini huketi mkahawani, kila mtu anaonyesha picha tatu, hazizidi, na wengine wanasema wanachokiona kabla mwenyewe hajaeleza. Inauma. Mwalimu mwenzangu aliniambia picha zangu zote zina mtu katikati na upeo wa bahari umemkata shingo, nikaenda nyumbani nikazipitia za miaka miwili, nikakuta ni kweli.

Kundi la ndege, katika hayo niliyoyajua, huuliza kwanza "ni ndege gani huyu?" Akishatajwa jina, mjadala umekwisha na picha inayofuata inakuja. Unatoka ukijua ndege 100 na hujui kwa nini picha yako imelala. Yapo makundi ya ndege yasiyo hivyo, na ukilipata moja lishike. Uliza tu: baada ya safari mnaonyeshana, na mnasema nini?

Uliza pia picha ni za nani. Kundi moja nililowahi kuwamo lilitoa picha zangu mbili zikatumika katika tangazo la biashara, nami nikaziona njiani kama mpita njia mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua aliyeipanga picha kuwa ndiye mtunzi wake. Kundi lolote, la mji au la ndege, likatae kutoa picha ya mwanachama bila ruhusa yake, na liandike hivyo.

Mahali ambapo makundi yote mawili hukutana ni Gede. Magofu yale, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, yana kuta kwa wapenda kuta, kima na ndege kwa wapenda viumbe, na pembeni kuna vipepeo wa mradi wa Kipepeo ambao familia za kando ya msitu zimekuwa zikiwafuga tangu 1993. Kama hujui wewe ni wa wapi, nenda Gede siku moja peke yako na utazame mwisho wa siku kamera yako imejaa nini.

Makundi ya simu tupu, yale ya mamia ya watu wanaorushiana picha na dua za asubuhi bila kukutana, sikuyaweka kwenye mizani. Yana faida ya kujua nani anauza betri. Kutoka nje hayakutoi.

Kwa hiyo, anayeanza, mwenye simu, mwenye asubuhi moja tu kwa wiki, namwambia aende na kundi la mji miezi sita. Ambaye tayari husimama njiani kusikiliza ndege, hata kama hana kamera ya maana, aende na wa ndege na asijitese kwa salamu za gatini. Mtu mkimya nilikuwa nikimpeleka kwa wa ndege bila kufikiri mara mbili, mpaka binti wa kaka yangu alipomaliza kidato cha nne na kuniomba ushauri. Ni mtoto wa maneno machache mno. Nikampeleka Mida, nikampeleka Sabaki, akapiga vizuri kuliko mimi. Nikamwambia nitamlipia mchango wa mwaka.

"Ahsante, shangazi," alisema. "Lakini nataka lile la mjini."

Nikamuuliza kwa nini, naye anaona haya hata kuagiza chai.

"Kule nikinyamaza napata picha. Huku nikinyamaza sipati."

Yuko wiki ya saba sasa. Picha zake bado ni za milango na mitumbwi mitupu. Jumamosi iliyopita, karibu na gati, alimwamkia muuza madafu kabla yangu.